Kopo la Mafuta la Gelasius

Ukitaka kumjua Gelasius fundi baiskeli, anza na mikono yake. Tumekaa naye baraza moja karibu na stesheni ya Mpanda, mimi na cherehani yangu upande huu, yeye na spana zake upande ule, na sijawahi kuiona mikono ile mikavu. Jumamosi jioni anaisugua kwa jivu na kipande cha sabuni mpaka ninamwonea huruma, na Jumapili akienda kukomunika kucha bado ni nyeusi. Padri alishazoea.

Mafuta ndiyo yaliyompa jina. Mafundi wako wengi mjini hapa, na wengine wana spana nzuri kuliko zake, lakini baiskeli ikitoka kwa Gelasius hailii. Alikuwa na kopo la bati lenye mdomo mrefu mwembamba, la kubonyeza kitako. Hata kama umeleta baiskeli kuziba pancha tu, hukuondoka mpaka amelipitisha lile kopo kila mahali panapocheza: ekseli, pedeli, mnyororo, breki, mpaka kengele. Mafuta yakiadimika madukani alitumia mawese yanayoletwa kutoka ziwani, na baiskeli za watu zikanuka mboga wiki nzima.

"Chuma kinakunywa kama sisi," alikuwa akisema. "Vumbi la Mpanda likikikuta na kiu, kwisha habari yake."

Cherehani yangu pia aliitunza yeye. Mwanzoni kabisa nilijifanya mjuaji, nikachukua kopo na kuanza kuupaka mafuta mkanda wa ngozi, huu unaotoka kwenye gurudumu la chini kwenda juu. Alinirukia. "Dada Pude! Unafanya nini wewe? Mkanda hautiwi mafuta, utateleza. Huo unashika kwa ukavu wake!" Nilinuna mpaka jioni, maana mimi Pudensiana sipendi kufokewa mbele ya wateja. Lakini alisema kweli, na tangu siku ile sijaugusa mkanda kwa mafuta.

Gelasius ni Mpimbwe, na alipohamia mjini alikuja na mama yake na mdogo wake mmoja, Evarist. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo Gelasius alikuwa kaka na baba pamoja, na wakati mwingine, nisimfiche, alizidisha ubaba. Evarist alikuwa mpole. Kazi yake ilikuwa kubeba mpunga wa watu kwa baiskeli kutoka Litapunga kuja mjini, magunia yamefungwa kwa mpira wa tairi nyuma na mbele, na kwa kazi hiyo miguu yake ilikuwa imekaza hasa. Njiani huko ndiko alikokutana na Nyanzala.

Nyanzala alikuwa binti wa mzee Enoka, Msukuma aliyehama na ng'ombe wake kutoka Shinyanga kutafuta malisho. Walipendana, na mzee hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Evarist wazi, na Evarist akaja kuturudia maneno yake barazani. "Mwanangu, nyie Wapimbwe mna mpunga mzuri, lakini mpunga hauzai. Niletee ng'ombe. Hata mmoja tu wa kuanzia, umswage mwenyewe mpaka kwenye boma langu, nami nitakuhesabu mkwe. Wengine utaleta pole pole." Kulikuwa na mtu mwingine wa upande wa Inyonga aliyekuwa amekwisha kupeleka wazee wake kuposa, na huyo alikuwa na ng'ombe tele. Mzee Enoka alimwambia Evarist angesubiri mpaka Saba Saba ipite.

Mwaka huo, nadhani ilikuwa tisini na tatu, wafanyabiashara wa mnada wa ng'ombe walitangaza mbio za baiskeli siku ya Saba Saba. Wasukuma wanazipenda sana mbio hizo, na walipohamia huku walihama nazo. Kutoka mnadani mpaka Magamba na kurudi, na wa kwanza angechukua mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Evarist aliposikia alishindwa kula. Mtamba mmoja ndiye hasa aliyekuwa akimtafuta.

Na baiskeli ilikuwepo. Bruda mmoja Mzungu, aliporudi kwao, alimwachia Gelasius baiskeli yake ya mbio kama asante kwa kuhudumia baiskeli za misheni. Ilikuwa nyepesi, tairi nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Tena ilikuwa na gia, jambo ambalo sisi wenye kuzoea baiskeli za Foniksi na Swala tulilitazama kama mchezo. Nyuma ilikuwa na visahani vya meno vilivyopangwa, kikubwa mpaka kidogo. Mnyororo ukikaa kwenye kisahani kikubwa mlima unakuwa mwepesi. Ukikaa kwenye kidogo pedeli zinakuwa nzito, ila tambarare utakimbia hasa. Kazi ya kuuhamisha ilifanywa na waya uliotoka kwenye kishikio kidogo, kama kidole gumba, kilichofungwa kwenye chuma cha fremu karibu na goti. Ukikivuta mnyororo unapanda, ukikirudisha unashuka.

Ilikuwa imelala muda mrefu na gia zilikuwa zimegoma. Gelasius akaipindua miguu juu, akaacha kazi za watu. Aliuosha mnyororo kwa mafuta ya taa. Mkono wa gia unaoning'inia nyuma ulikuwa umepinda, labda baiskeli iliwahi kuangukia upande huo, akaunyosha polepole huku ameziba pumzi. Waya ulikuwa na kutu, akatia wa breki ya pikipiki. Kulikuwa na skrubu mbili ndogo zinazozuia mnyororo usitoke nje ya visahani, akazigeuza robo kwa robo mpaka mnyororo ukawa unapanda na kushuka kwa adabu. Evarist akaijaribu kwenda na kurudi Magamba akarudi anacheka peke yake. Alilalamikia kitu kimoja tu.

"Kishikio kigumu, kaka. Mpaka nikivute kwa nguvu."

"Hicho niachie," Gelasius alisema.

Asubuhi ya Saba Saba, kabla hawajaenda mnadani, nilimwona akikifungua kile kishikio. Ndani kulikuwa na vibati vya duara vilivyobanana. Akavibonyezea kopo, vikalowa, akavirudisha. Kisha akazunguka baiskeli nzima kama kawaida yake. Alimwita Evarist, akakisukuma kishikio kwa kidole kimoja, kikaenda laini kabisa. "Siagi," akasema. Walicheka wote wawili. Nyanzala alikuwa kwangu wakati huo, ameleta kitambaa cheupe chenye maua madogo nimpime gauni, na alikuwa akijifanya hatazami upande wao. Nilimpima kifua, kila mara anageuza shingo, nikamtania, "Mbona hutulii, ni wewe unayekwenda kushindana?"

Mnadani watu walikuwa wengi, na greda lilikuwa limepita barabarani wiki ile, kwa hiyo hata tairi nyembamba zingeweza. Washindani walipoondoka, Evarist alikuwa mbele kabla hawajafika kwenye miti. Waliokuwa njiani walituambia baadaye kwamba Magamba aligeuza peke yake, na wa pili hakuonekana hata vumbi lake. Gelasius alikuwa amesimama karibu na mzee Enoka, mikono nyuma, anajizuia asitabasamu. Mtamba mwenyewe alikuwa amefungwa pale pale kwenye mti, mwekundu, na watu walikwisha kuanza kumwambia Gelasius amkague meno.

Aliyetokea kwanza hakuwa Evarist. Alikuwa kijana wa Foniksi, amefungua shati, analia kwa furaha. Wakaja wengine. Evarist aliingia nyuma yao, amesimama juu ya pedeli, anasukuma kama mtu anayepanda na gunia, hata hapo uwanjani palipo tambarare. Kwenye kilima cha Magamba, wakati wa kurudi, mnyororo ulikuwa umeanza kushuka wenyewe. Anaupandisha kisahani kikubwa, anakanyaga kwa nguvu, unashuka mpaka kidogo. Anaupandisha, unashuka. Waliomwona walisema ilifika mahali akawa anaendesha kwa mkono mmoja, baiskeli inayumba njia nzima, na wenzake wanampita.

Watu walianza kucheka. Mmoja akasema gia za Wazungu zinataka Mzungu. Na hapo Gelasius alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kumpiga kiatu. Aliichukua baiskeli, akaipindua pale pale mbele ya watu, akazungusha pedeli kwa mkono na kusukuma kishikio. Mnyororo ukapanda vizuri. Ukashuka vizuri. Akarudia.

"Jioneeni wenyewe!" akasema kwa sauti. "Baiskeli nzima hii. Haina kasoro hata moja. Gia haina tatizo, tatizo ni mpandaji. Nimemfundisha mtu wiki nzima, hata kubadilisha gia hajui!"

Evarist akautazama mkono wake wa kulia, akaufuta kwenye kaptula, akaufuta tena.

"Ni kweli, kaka," akasema. "Nimekosea mimi."

Mzee Enoka alimgusa bega akamwambia, "Umejitahidi, mwanangu." Akachukua fimbo yake akaondoka. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Maneno ya mtu aliyemaliza shauri hayajibiki.

Gauni nililishona, maana kitambaa kilikuwa kimekwisha kukatwa. Nyanzala alilifuata mwenyewe, akalipa, akaniambia limemkaa vizuri, na alikuwa amevimba macho. Alilivaa kwenda Inyonga. Evarist aliendelea kubeba mpunga mpaka mvua za kwanza. Siku moja alimuaga mama yake na kupanda lori la wachuuzi wa dagaa linaloelekea ziwani. Kwa kaka yake alikuja barazani akasimama, akasema, "Mimi naenda, kaka," kama mtu anayekwenda sokoni. Gelasius alikuwa anaziba pancha, akasema, "Haya, safari njema," bila kuinua kichwa. Tukaja kusikia yuko Kapalamsenga, huko huko ziwani, anaanika dagaa na kuwabeba.

Huyu Gelasius ninayemsema si mtu wa kulala na jambo. Baada ya mdogo wake kuondoka, ukimya wa nyumbani ulimshinda. Mama yao kila akimwekea chakula alikuwa anamwuliza, "Evarist ana habari gani?" na yeye anamega ugali. Jumapili moja aliichukua ile baiskeli akaenda mwenyewe kwenye kilima cha Magamba. Alirudi anaisukuma, uso umempauka. Gia ilikuwa imemfanyia vile vile.

Basi ikaanza kazi isiyo na malipo wala mwisho. Kila alipopata nafasi aliiteremsha msumarini, akaipindua, akatafuta. Aliunyosha tena mkono wa gia ingawa ulikuwa umenyooka. Alibadilisha waya, akabadilisha na mfuniko wa waya. Aliondoa kipande cha mnyororo, akakirudisha. Alichonga meno ya visahani kwa tupa. Alizigeuza zile skrubu mbili mpaka nikadhani zitaisha. Kila alipomaliza jambo alichukua kopo, akaitia mafuta baiskeli yote, pamoja na vile vibati vya kishikio, kwa sababu kazi isiyotiwa mafuta kwake haikuwa kazi. Kisha kilimani. Kisha anarudi anasukuma.

"Fundi, itupe hiyo," nilimwambia. "Imekuwa kama mke."

"Siwezi, dada Pude. Nilimwambia mbele ya watu kwamba haina kasoro."

Mwisho aliitundika ukutani akaiacha. Kikapita kiangazi, yakapita masika, kikapita kiangazi kingine. Vumbi likaikalia mpaka rangi haikuonekana, na buibui wakajenga kwenye usukani.

Juzi juzi hapa, tuseme tisini na sita, mwalimu mmoja akataka kuinunua. Gelasius akaishusha, akajaza upepo, na kwa kuwa mwalimu alikuwa na haraka ya kuijaribu hakuitia mafuta. Waliondoka wote kuelekea Magamba, mwalimu juu ya ile ya mbio, Gelasius nyuma kwa Swala yake, tayari kuomba radhi. Mwalimu alipanda kile kilima chote bila gia kuruka hata mara moja. Alifika juu akaanza kuisifu.

Gelasius alirudi barazani amechanganyikiwa. Alisema inawezekanaje, chuma kikae miaka kinakula vumbi, halafu kijiponye. Alimwomba mwalimu aje kesho kuichukua, akaifuta vumbi, na kama kawaida yake akachukua kopo. Mimi nilikuwa napiga pindo la sketi. Nikasikia kopo likibonyezwa, mara moja, mara ya pili. Kisha sikusikia kitu. Nilipogeuka alikuwa amesimama na kopo hewani, anautazama mkanda wa cherehani yangu.

"Dada Pude," akasema, "huo mkanda uliwahi kuupaka mafuta?"

"Ulinifokea nisiupake, umesahau? Ulisema unashika kwa ukavu wake."

Aliweka kopo chini. Akakifungua kile kishikio, akatoa vile vibati, akavipanga kwenye kiganja. Mafuta ya miaka yote yalikuwa yamekauka na kuwa ganda la vumbi, na kwa ukavu huo gia haikumruka mwalimu. Kumbe kishikio kile hakina kingine kinachokizuia ila kubanana kwa vibati hivyo vikavu. Ndiyo maana mwanzoni kilikuwa kigumu. Ugumu ule ndio uliokuwa kazi yake. Ukivilowesha, kishikio kinakuwa siagi kweli, na ukimpindulia mtu baiskeli miguu juu gia zitapanda na kushuka mbele ya macho yake, kwa sababu hapo hakuna anayekanyaga wala barabara inayotikisa. Lakini mlimani, mguu ukikanyaga kwa nguvu, waya unavuta, kishikio kinarudi chenyewe na mnyororo unashuka.

Gelasius alivua kofia yake, akaivaa tena, akakaa chini kwenye udongo. Alilia. Nilifunga mlango wa upande wake nikawaambia wateja fundi anaumwa.

Mwalimu hakuuziwa. Gelasius alivifuta vibati kwa petroli, akavirudisha vikavu, akakaza, akapanda lori na ile baiskeli kwenda Kapalamsenga. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe alivyorudi, taratibu, siku baada ya siku, wala sikumharakisha.

Alimkuta Evarist kwenye vichanja vya dagaa, amekonda kidogo, ana ndevu, na mke hana. Walisalimiana vizuri. Akaandaliwa migebuka, samaki wa huko, na ugali wa muhogo, akala, na akashindwa kungoja zaidi. Alimwambia yote: vibati, mafuta, mkanda wa cherehani. Akamwambia, "Mdogo wangu, ni mimi niliyekuangusha. Si wewe."

Evarist alikuwa anachokoa mwiba wa samaki.

"Najua, kaka."

"Unajua vipi? Nimejua mimi wiki iliyopita."

"Pale kilimani nilikishika kishikio kwa mkono huu ili kisirudi. Vidole vinateleza. Ukikishika huwezi kushika usukani, ukishika usukani kinarudi. Vilinuka mafuta yako mpaka jioni."

Gelasius alimwuliza kwa nini alinyamaza, kwa nini alikubali aibu ile mbele ya mzee Enoka, mbele ya mtamba, mbele ya watu wote.

"Watu wa mnada wote walikuwepo," Evarist alisema. "Ningesema ni mafuta ya Gelasius, nani angekuletea baiskeli tena? Na mama alikuwa anakula kwa lile kopo." Akautupa ule mwiba. "Mbio nilishashindwa, kaka, hilo halikuniuma sana. Ila wewe uliipindua baiskeli ukaizungusha, ukaitazama, ukawaonyesha watu. Mimi nimesimama pale. Ungeniuliza tu, imekuwaje huko njiani. Hata pembeni, hata kesho yake. Hukuniuliza."

Gelasius aliomba msamaha akapewa, na walilala chumba kimoja kama zamani walipokuwa wadogo. Lakini aliniambia msamaha ule ulimkaa vibaya, maana ulikuwa wa siku nyingi, ulimsubiri huko ziwani wakati yeye anachonga meno ya visahani kwa tupa. Nyanzala ana watoto sasa. Mtamba yule wa Saba Saba naye amekwisha kuzaa, huko kwa kijana wa Foniksi.

Ile baiskeli ya mbio Evarist hakuitaka. Alisema mchanga wa huko hauifai, akamshauri amwuzie mwalimu. Asubuhi, kabla lori halijafika, alileta Foniksi yake ya mizigo, matenga ya dagaa yamefungwa nyuma, inalia kila pedeli ikizunguka, inatoboa masikio. Akaiegemeza mbele ya kaka yake.

"Mafundi wa huku hawaijui kazi," akasema. "Itie mafuta, kaka. Nimekaa na kelele hii muda mrefu."

Gelasius alijipapasa mfuko wa koti, akapapasa na wa pili, ingawa alijua. Tangu aanze ufundi hakuwahi kutoka nyumbani bila lile kopo. Safari hii alikuwa ameliacha makusudi kwenye dirisha langu, kwa sababu hakutaka mdogo wake alione.

"Sikuja nalo," akasema.

"Basi, haina shida," Evarist alimjibu. Akapanda, akaenda zake na dagaa wake, na Gelasius akabaki amesimama pale, anaisikia ile baiskeli ikilia mpaka ilipopita nyumba za mwisho.